Namna ya Kuweka Alama za Mafuriko Katika Kijiji cha Wakulima Kando ya Mto

Katika vijiji vidogo vya wakulima vilivyo kando ya mto Loire, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Ufaransa, mpita njia anayetazama kuta za kanisa au za nyumba kuukuu huweza kuona mistari iliyochongwa kwenye mawe, kila mstari na mwaka wake: 1846, 1856, 1866. Mistari hiyo inaonyesha maji yalifika wapi. Mafuriko matatu makubwa yalilipiga bonde hilo ndani ya miaka 20, yakayabomoa matuta ambayo watu walikuwa wakiyajenga na kuyainua kwa karne nyingi, kisha mto ukatulia, na tangu hapo bonde la kati la Loire halijaona tena maji ya kiasi kile. Hakuna mtu aliye hai leo aliyeyashuhudia. Kama si mawe hayo, mkulima wa sasa angejenga zizi na ghala mahali palipowahi kufunikwa na maji hadi paani, na asingekuwepo mzee wa kumzuia. Wafaransa walilipa jambo hili uzito hata wakaliweka katika sheria: sheria ya tarehe 30 Julai 2003 inamtaka meya wa eneo lenye hatari ya mafuriko aorodheshe alama zilizopo, aweke nyingine za mafuriko ya kale yanayojulikana, na aongeze mpya kila yanapotokea mengine makubwa.

Sisi tunaoishi Kano, Bunyala na sehemu za chini za Sondu, magharibi mwa Kenya, tuna mito yenye tabia hiyo hiyo, tena inayorudi mapema zaidi. Tunahesabu 1961, tunahesabu 1997 na ile El Nino, tunahesabu 2020 ambapo mto Nzoia ulivunja tuta na ziwa Viktoria likapanda hadi likaingia majumbani, na tunahesabu 2024. Lakini hesabu yetu imekaa vinywani tu. Ukimwuliza kijana aliyenunua ploti kando ya mto Nyando ni wapi maji yalifika mwaka 1997, atakuonyesha kwa mkono upande wa mto na kusema, "Kule." Neno "kule" haliwezi kumsaidia mtu kujua sakafu ya ghala aiinue kiasi gani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuligeuza "kule" liwe mstari ukutani wenye tarehe, kazi ambayo kijiji kinaweza kuifanya chenyewe kwa vifaa ambavyo fundi yeyote wa nyumba anavyo.

Kushika mstari ungali mbichi

Wakati mzuri kuliko wote wa kuweka alama ni siku mbili au tatu baada ya maji kushuka. Huo ndio wakati ambao watu wamechoka, wana njaa na wanaanika magodoro, kwa hiyo ni lazima awepo mtu mmoja au wawili waliokubaliana mapema kwamba kazi hii ni yao. Wakichelewa wiki moja, mvua itaosha matope ya nje, na akina mama wataanza kukandika kuta upya, jambo ambalo ni haki yao kabisa.

Maji ya mafuriko huacha mstari wa matope membamba pale yalipotulia kwa muda. Utafute mstari huo ndani ya nyumba kabla ya kuutafuta nje, kwa sababu ndani maji hukaa kimya, ilhali nje hupigwa na upepo na mkondo. Mahali ninapopaamini zaidi ni ukuta ulio nyuma ya mlango, ubavu wa kabati ambao haugeuzwi, na pembe za chumba ambacho hakitumiki. Pale mstari huwa mnyoofu kama uliopigwa kwa rula, hudhurungi, na juu yake kidogo utaona unyevu uliopanda ukutani kwa kufyonzwa. Usidanganywe na huo unyevu. Ukuta wa udongo au wa matofali huvuta maji juu kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Kipimo chako ni matope.

Nje utakuta mabua, majani na karatasi za plastiki zilizonasa kwenye ua na kwenye matawi. Hizo zina faida zake, lakini zipokee kwa tahadhari, kwa kuwa mkondo ukigonga ua au mti hujikweza na kuzipandisha takataka juu ya kimo halisi cha maji. Zitumie kuthibitisha tu, pale zinapokubaliana na ukuta.

Ukiupata mstari, upige msumari mdogo au uchore kwa penseli nzito papo hapo, kisha piga picha ukiwa umesimamisha tepu ya kupimia kuanzia sakafuni, ili picha ionyeshe mstari na tarakimu kwa pamoja. Andika kwenye daftari: nyumba ya nani, chumba gani, kimo kutoka sakafuni kwa sentimita, tarehe ambayo maji yalifika juu kabisa, na saa ikiwezekana. Nyumba tatu zinatosha kwa kijiji kidogo, mradi ziko mbalimbali.

Kuwauliza wazee kuhusu mafuriko ya zamani

Kazi hii inataka subira na adabu, na ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Nilianza kwa kuuliza vibaya. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kano, nikamwamkia, nikaketi, na baada ya mazungumzo marefu kuhusu mpunga nikamwuliza, "Mzee, mwaka wa 1961 maji yalifika wapi?" Akasimama, akaweka kiganja kifuani mwake na kusema, "Hapa, mwanangu. Nilidhani nitakufa." Nikapima kutoka ardhini hadi kiganjani: sentimita 128. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani nilipokumbuka kwamba mwaka 1961 mzee yule alikuwa na miaka minane. Kifua alichokuwa akikikumbuka ni cha mtoto, na tofauti kati ya kifua cha mtoto na cha mtu mzima ni tofauti kati ya ghala linalopona na ghala linalozama.

Kwa hiyo usimwulize mtu maji yalimfika wapi mwilini. Mwulize yalifunika kitu gani. Je, jiwe la kusagia lilionekana? Je, ngazi ya kanisa ilizama yote au zilibaki ngazi mbili? Je, ng'ombe walisimama juu ya kichuguu kipi? Kisha mwombe aende nawe hadi mahali penyewe, hata kama ni mwendo wa polepole, kwa kuwa mtu akisimama mahali jambo lilipotukia hukumbuka asichoweza kukumbuka akiwa kitini. Kama kitu hicho kingali pale, umepata kipimo. Kama hakipo, umepata simulizi, nayo iandikwe daftarini bila kuchongwa ukutani.

Waulize wazee mmoja mmoja. Ukiwaita pamoja, wa kwanza kusema huwaelekeza wengine, hasa akiwa ndiye mkubwa wao, kwa sababu ya heshima. Nimejiwekea kanuni kwamba mstari wa zamani hauchongwi mpaka watu wawili ambao hawakusikilizana waonyeshe kimo kile kile, au tofauti isiyozidi upana wa kiganja.

Tarehe nazo zina njia zake. Kwetu majina ya watoto ni kalenda: Okoth na Akoth kwa Waluo ni waliozaliwa mvua ikinyesha, na Wafula na Nafula kwa Waluhya ni wa majira ya mvua. Mama akikuambia kwamba alikimbia maji akiwa amembeba mtoto wa mwezi mmoja mgongoni, omba kwa upole kuonyeshwa cheti cha ubatizo cha mtoto huyo, nawe utaupata mwaka na pengine mwezi. Namna hii niliweza kutenganisha mafuriko mawili ambayo kijiji kizima kilikuwa kikiyasimulia kama moja.

Kuhamisha kimo kutoka nyumba hadi mahali pa kudumu

Nyumba nyingi zenye mstari mzuri ni za udongo, na nyumba ya udongo haidumu. Kimo kilichopatikana humo lazima kihamishwe hadi kwenye ukuta wa zege au wa mawe, na kifaa chake ni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi. Mpira wa mita 20 unafaa.

Weka ndoo ya maji juu ya meza, zamisha ncha moja, vuta kwa mdomo kwenye ncha ya pili hadi maji yatiririke, na uyaache yatiririke mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja la hewa lililojificha katikati ya mpira linatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Kabla ya kuanza, shikeni ncha zote mbili bega kwa bega: maji yakisimama sawa pande zote, mpira ni mzima, yakitofautiana, rudieni kuutoa hewa. Mnapotembea, kila mmoja aziba ncha yake kwa dole gumba, na wote mwachie kwa wakati mmoja mnapofika. Mmoja hushika ncha kwenye mstari wa matope, mwenzake kwenye mti au kigingi cha mbele, na ncha hupandishwa au kushushwa hadi maji ya upande wa kwanza yaguse mstari. Pale yanapotulia upande wa pili ndipo kimo chenyewe. Pigeni alama, msogee mbele mita nyingine 20 au pungufu, na mwendelee hivyo.

Mkifika, rudini kwa njia ile ile hadi mlipoanzia. Mkikuta mmerudi kwenye mstari wa kwanza kwa tofauti ya sentimita moja au mbili, kazi ni njema. Ikizidi tatu, rudieni yote. Najua inachosha, hasa jua la Ahero likiwa juu, lakini kosa likishachongwa kwenye zege litaaminiwa na watu ambao hawajazaliwa.

Kuna mipaka miwili isiyovukwa. Kwanza, uso wa maji ya mto wakati wa mafuriko haulali sawa kama meza. Huinama kufuata mkondo kuelekea ziwani, kwa hiyo kimo kilichopimwa huku hakifai kupelekwa mbali kule. Mimi siendi zaidi ya mita 150 kutoka nyumba yenye ushahidi, na kijiji kirefu huhitaji alama zaidi ya moja. Pili, usivuke tuta. Ndani ya Bunyala, maji yaliyo upande wa mto na maji yaliyo upande wa mashamba baada ya tuta kukatika ni vimo viwili tofauti, na kila upande uwekewe alama zake.

Mahali pa kuchonga na namna ya kuchonga

Mwaka 2020 nilipiga mstari wa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa darasa la shule moja ya msingi, pamoja na tarehe, nikaridhika. Shule ilipopakwa rangi upya, mstari wangu ulifunikwa, na hakuna aliyenikosea, maana hakuna aliyejua ulikuwa nini. Tangu hapo sipaki rangi peke yake. Mstari uchongwe kwa patasi, kina cha nusu sentimita au zaidi, urefu wa sentimita 30, kisha ndipo upakwe rangi nyeusi au ya samawati ndani ya mfereji wake. Rangi ikipotea, mfereji unabaki.

Juu ya mstari andika siku, mwezi na mwaka kamili. Chini yake andika kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani maneno machache yasiyo na utata, kwa mfano: "Maji ya mto Nyando yalifika hapa." Jina la mto ni muhimu, kwa sababu kuna mahali ambapo ziwa na mto hufurika kwa nyakati tofauti. Usiandike majina ya waliofanya kazi, ukuta utajaa.

Ukuta wa kanisa, zahanati, jengo la soko au msingi wa tangi la maji unafaa, ukipata ruhusa ya wenyewe. Kabla ya kugonga patasi, jambo lipelekwe kwa mzee wa kijiji na kwa naibu wa chifu, kisha lisemwe barazani mbele ya watu, maana alama isiyojulikana na wengi huonekana kama uharibifu. Nguzo za daraja ziache, kwa kuwa zina wenyewe wenye taratibu zao. Mti nao usiutegemee: ni kweli kwamba msumari uliopigwa shinani haupandi juu mti unapokua, kwa sababu mti hurefuka nchani, lakini shina hunenepa na kuumeza msumari, na mti huanguka.

Pasipo na jengo la kudumu, simika nguzo ya zege. Hapa udongo wa Kano unadai tahadhari ya pekee. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukinywa maji na hunywea ukikauka, hata Januari mkono wa mtu mzima huweza kuingia katika nyufa zake, na nguzo iliyochimbiwa futi mbili hupandishwa na kushushwa nao mwaka baada ya mwaka mpaka alama iseme uongo. Chimba mpaka uupite udongo huo na kufikia tabaka gumu la chini, au angalau futi tano. Weka nondo nne, na uupanue mguu wa nguzo chini ili ishike. Kandokando ya sehemu ya juu ya shimo zungushia karatasi ya nailoni kabla ya kumwaga zege, ili udongo ukivimba uteleze bila kuivuta nguzo. Gharama yake ni mifuko michache ya saruji, kokoto na nondo, mzigo ambao kikundi cha kina mama cha mikopo kilicho karibu nami kiliumudu bila kuomba msaada popote.

Kuupeleka mstari shambani

Alama ikishasimama, mkulima yeyote aliye karibu nayo anaweza kuazima mpira na kuupeleka mstari hadi bomani kwake, na hapo ndipo faida yake inapoonekana. Sakafu ya ghala iwe juu ya mstari wa juu kabisa kwa futi moja. Mdomo wa kisima uinuliwe vivyo hivyo, kwa kuwa maji ya mafuriko yakiingia kisimani huingia na kila kilichokuwa katika vyoo vya jirani. Choo chenyewe kijengwe sehemu ya juu ya boma, na kama boma lote liko chini ya mstari, shimo lisiwe refu na sakafu iinuliwe kwa tofali. Hati ya shamba, vyeti vya watoto na mbegu za msimu ujao vikae kwenye rafu iliyo juu ya mstari. Rafu hii haigharimu kitu, na bado nimeona familia zilizopoteza hati zilizokuwa chini ya kitanda.

Kwa mashamba, fuata mstari kwa vigingi ukitembea na mpira hadi pale kimo kinapokutana na ardhi. Utapata ukingo wa mafuriko ya 2020 ukipinda-pinda katikati ya mazao yako, na mara nyingi utashangaa, maana sehemu unayoiona tambarare ina mabonde yasiyoonekana kwa macho. Fanya hivyo kwa kila mwaka uliochongwa. Sehemu iliyofunikwa mara zote ilimwe mazao yanayovunwa mapema au yasiyochukia maji, kama mpunga, nduma na majani ya napia. Mahindi na maharage ya kutegemewa na nyumba yapandwe juu ya mstari wa mara kwa mara. Miti ya matunda, ambayo ni akiba ya miaka 20, isishuke chini hata ya mstari ambao maji yaliufikia mara moja tu.

Ukingo wenyewe wa mto si wa kulimwa. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliutambua ukanda wa mto kuwa mita 6 kwa uchache, au sawa na upana wa mto wenyewe hadi mita 30, kila upande. Ufaransa nako mkulima anayepokea ruzuku hutakiwa kuacha ukanda wenye majani wa mita 5 kando ya mito iliyoorodheshwa. Nimewasikia majirani wakilalamika kwamba mita 6 ni nyingi kwa mtu mwenye nusu eka, na malalamiko hayo nayaelewa, lakini palipolimwa hadi ukingoni mto wa Nyando umeshachukua zaidi ya hizo. Mianzi, matete na majani ya napia hushika udongo na hukatwa kwa matumizi. Mkalitusi usipandwe hapo.

Alama haimwambii mtu maji yanakuja lini, kwa hiyo iunganishwe na habari za juu ya mto. Nzoia hubeba mvua ya Cherangani na Mlima Elgon, na inaweza kuifurikisha Bunyala siku ambayo anga yake ni nyeupe. Nyando hubeba mvua ya milima ya Nandi. Kijiji kiwe na mtu wa kupigiwa simu huko juu, na kwenye ukuta wenye alama kichorwe kipimo cha sentimita kuanzia chini, ili anayesimama zamu usiku aweze kusema maji yamebakiza kiasi gani kabla ya kuufikia mstari wa 2020.

Kila Februari, kabla ya mvua ya masika, mtu mmoja apewe kazi ya kusugua mifereji kwa brashi, kuitia rangi upya, na kuipima nguzo kwa mpira dhidi ya alama ya pili iliyo kwenye jengo. Daftari la vipimo liwe na nakala mbili, moja kwa mzee wa kijiji na moja nyumbani kwa mtu anayeishi juu ya mistari yote. Na anayechonga mstari wa kwanza ukutani auwekee nafasi ya kutosha juu yake, bila kuandika kichwa cha habari hapo, kwa sababu nafasi hiyo itahitajika.